Dohani ya Lupepo

Mimi ni mtu wa Pangani, niliyezaliwa na kulelewa mahali ambapo adha ya nyumba ni joto, na mwenye akili huyaelekeza madirisha yake baharini ili upepo uingie pasipo hodi. Basi majaaliwa yaliponitupa Lupepo, wilaya ya Rungwe, mwezi wa Machi, jina lenyewe lilistahili kunionya, illa masikio yangu yalikuwa yangali ya pwani. Hapa tu jirani na Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, ulio kiasi cha mita 1,600 juu ya bahari, unyeshewao kwa mwaka mvua ipitayo milimita 2,000. Na ifikapo Juni ukungu hushuka kutoka mlima Rungwe ukajikalia barazani hata saa nne ya asubuhi.

Nyumba niliyopanga ina meko ya ukutani na dohani ya matofali, nami nakiri kwamba niliridhia kodi yake kwa ajili ya dohani hiyo. Jioni ya kwanza ya kipupwe nilipanga kuni za mkaratusi, nikawasha, nikaketi na kikombe cha chai ya huku huku. Kabla sijameza funda la tatu, moshi ulikuwa umekata shauri la kutopanda. Ulinijia mimi, kisha ukaingia chumbani, ukaifukiza kanzu yangu ya Idi, nami nikatoka mvuani nikibubujikwa machozi ambayo majirani waliyadhania ya msiba, wakaja kunipa pole.

Hapo ndipo elimu iliponiponza. Mpwa wangu aliyeko Hamburg alikuwa amenisimulia kwa simu jinsi rejeta ya chumbani mwake ilivyogoma kupata moto, nami nikacheka sana, kwani rejeta niijuayo ni ile ya basi, ambayo kazi yake ni kuipoza injini. Ya kumpasha mwanadamu joto sikupata kuisikia. Akanifafanulia kwa subira kwamba huko maji ya moto hupitishwa ndani ya chuma kilichobandikwa ukutani, na hewa ikinaswa humo, chuma hubaki baridi upande wa juu, mpaka ulegeze kijiskrubu cha pembeni, hewa itoke kwa mluzi, na maji yakianza kudondoka ufunge. Basi nikahukumu kwamba maradhi ni yale yale, nikafungua milango na madirisha yote ili hewa iliyonaswa itoke. Ikatoka, na ya mlimani ikashika nafasi yake. Moshi haukutoka.

Siku ya pili nikanunua mkaa, nikaazimia kulala na jiko chumbani. Bibi jirani akanikuta nalo mlangoni.

"Mwalimu, hilo liache nje. Sisi hatujachimba kaburi."

Nikaona haya, maana miaka mingi niliwafundisha watoto wa watu kwamba mkaa uwakao palipofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, imwuayo mtu usingizini bila ya kumpa hata nafasi ya kukohoa.

"Na huko juu umetazama?" akauliza.

Nikamjibu, kwa sauti ya darasani, kwamba dohani haina ila yoyote. Asinijibu, akamtuma mjukuu wake paani. Kijana akatumbukiza mkono, akavuta kwa nguvu zake zote, akatoa gunia la mchele lililoshindiliwa majani makavu ya mgomba na kufungwa kwa kamba ya buluu, ambayo niliitambua papo hapo, kwa kuwa niliinunua mwenyewe. Mwezi wa Aprili, upepo ulipokuwa ukipiga filimbi dohanini usiku kucha hata nikakosa usingizi, nilimwita fundi aizibe, nikamlipa, na juu ya malipo nikamsifu kwa ustadi wake.

"Ndaga fijo, bibi," nikasema, kwani shukrani ndiyo Kinyakyusa pekee nikijuacho.

Sasa meko yawaka vizuri, na ile filimbi imerudi. Jana fundi alipita njiani, akasimama kuniuliza kama dohani ingali imeziba sawasawa.