Kioo chenye soko

Wanaoshangaa kwa nini Toyota imejaa Industrial Area ya Nairobi na Peugeot imeadimika hawajui biashara. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, lakini vioo vyake vya pembeni leo havina soko. Egesha Toyota Lunga Lunga Road asubuhi: kioo kikipotea, kabla ya jua kutua utauziwa tena Grogan kwenye vipuri, kingali na namba ya gari uliyoichora mwenyewe. Huduma bila fomu wala foleni!

Isuzu nayo, iliyonunua hisa za General Motors East Africa 2017, huunganisha hapa magari mapya kabisa. Kasoro kubwa: Mjapani hajayaonja kwa miaka saba, kama mitumba tunayoipenda.

Wafaransa wa Peugeot wakitaka kutamba tena sokoni, watengeneze vioo vinavyochomoka upesi.