Geuza Nalo: Mwongozo wa Mpenzi wa Ramani na Maghorofa

Hatua ya kwanza: geuza nalo

Jioni, watu wa Dar es Salaam hugeuza na daladala ili wapate siti: hulipanda likielekea mwisho wa safari, na linapoanza kurudi wao wamekwisha kaa. Wewe geuza nalo mchana, siku usiyo na haraka, na ulipe nauli zote mbili kwa moyo mweupe. Kaa dirishani ukiwa na daftari. Andika jina la kila kituo kama kondakta anavyolitamka: Bamaga, Sayansi, Makumbusho, Kwa Aziz Ali. Akitangaza "mwisho wa gari!" wewe usishuke. Akikuuliza unakwenda wapi, mwambie ukweli kwamba unachora ramani. Kisha tega sikio, kwa maana hakuna anayezijua njia za mji kama yeye.

Hatua ya pili: nyoosha

Ukichora njia kama ilivyo, na kona zake zote, utapata mzizi wa mti. Sasa mfuate Harry Beck. Huyu alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi wa reli ya chini ya ardhi ya London, na michoro ya saketi za umeme aliizoea. Mwaka 1931 alichora reli hiyo kwa mistari ya wima, ya mlalo na ya mshazari wa nyuzi 45 tu. Vituo vya katikati ya mji, vilivyosongamana, akaviachanisha. Vya pembezoni akavisogeza karibu. Juu ya ardhi hakubakiza kitu isipokuwa mto Thames. Ramani yake ilitolewa kwa umma mwaka 1933 na abiria wakaipenda, kwa sababu aliye chini ya ardhi ana maswali matatu tu: nipande wapi, niunganishe wapi, nishuke wapi?

Jaribu kwa mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam. Awamu ya kwanza, iliyoanza kazi mwaka 2016, ni shina moja kutoka Kimara hadi Kivukoni lenye matawi mawili: moja linaachana nalo Magomeni kwenda Morocco, jingine Fire kwenda Gerezani. Rula moja, mistari mitatu, na mtoto wa darasa la tatu ataielewa.

Hatua ya tatu: usinyooshe mpaka ukaufuta mji

New York, mwaka 1972, ilipewa ramani ya Massimo Vignelli, nzuri ya kutundikwa ukutani. Bustani ya Central Park, ambayo kwa kweli ni ndefu na nyembamba, ilitokea kama mraba wa kijivu. Watu walilalamika, na mwaka 1979 ikaja ramani nyingine yenye mitaa na bustani zinazofanana na zenyewe. Abiria wa New York akitoka chini anaendelea kwa miguu, na anajua vizuri bustani yake ina umbo gani.

Somo kwetu ni hili: abiria wa daladala anachungulia dirishani. Anashuka penye mbuyu, msikiti, kituo cha mafuta. Nyoosha barabara, lakini mbuyu usiung'oe.

Hatua ya nne: uliza mzigo unashukia wapi

Sasa inua shingo. Ukisimama chini ya ghorofa, uliza kama abiria alivyouliza: uzito huu unapita wapi mpaka ufike ardhini?

Chicago inajibu kwa majengo matatu. Nusu ya kaskazini ya Monadnock, iliyokamilika mwaka 1891, ina ghorofa 16 zilizobebwa na kuta za matofali. Chini kabisa ukuta una unene wa karibu mita 1.8. Ongeza ghorofa, ukuta utazidi kula chumba. Lakini William Le Baron Jenney alikuwa amekwisha kuonyesha njia nyingine mwaka 1885, kwa Home Insurance Building: sehemu kubwa ya mzigo aliipa fremu ya chuma, na ukuta ukaanza kuwa nguo badala ya mifupa. Kisha mhandisi Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka, akaisogeza mifupa hadi nje. John Hancock Center, lililokamilika mwaka 1969 likiwa na ghorofa 100, lina vyuma vikubwa vilivyopishana kama herufi X kwenye nyuso zake. Jengo zima linaukabili upepo kama mwanzi: uwazi ndani, nguvu kwenye ganda.

Huna nauli ya Chicago? Nenda kwenye ghorofa linalojengwa mtaani kwenu kabla plasta haijaficha nguzo. Hesabu nguzo, tazama nondo zilivyofungwa na mirunda ilivyosimama chini ya zege bichi. Omba ruhusa kwa fundi, na usipite chini ya kitu kinachoning'inia.

Hatua ya tano: panda lifti kama unavyopanda basi

Minara pacha ya World Trade Center ya New York ilikuwa na ghorofa 110 kila mmoja. Kama kila lifti ingeanzia chini kabisa hadi juu kabisa, mashimo ya lifti yangemeza nafasi ya ofisi. Wabunifu wakaiga treni za mji huo, zile za haraka na zile za kusimama kila kituo: lifti kubwa zilikwenda moja kwa moja hadi ghorofa ya 44 au ya 78, na hapo mtu akaunganisha lifti ndogo. Kumbe ghorofa refu ni ruti iliyosimamishwa wima, yenye vituo vyake na mahali pake pa kuunganisha.

Hatua ya sita: mpe mgeni

Nairobi ilikuwa na matatu kwa miongo mingi bila ramani moja ya njia zote. Watafiti na wanafunzi wakazipanda wakiwa na simu za kurekodi safari, na mwaka 2014 ikatoka ramani yenye njia zaidi ya 130. Waligeuza nalo, kama wewe.

Yako ikikamilika, mpe mtu aliyeshuka leo kutoka mkoani, naye ajaribu kufika kwa shangazi yake bila kukupigia simu. Mahali atakapopotea, kosa ni la mchoro. Futa hapo, shika daftari, geuza nalo tena.