Simu ya Mwenye Maji
Mifereji ya Kibokoni ilikauka alfajiri ya harusi ya dada yetu kitinda mimba. Mchele ulikuwa haujaoshwa, nyama ya mbuzi ingali na damu, na wapishi wamesimama kichochoroni na masufuria yao. Maji ya kisiwa hiki cha Mombasa hutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo, pia Marere na Baricho, na yakikatika huko hatuna la kufanya huku. Kisima cha jirani kina chumvi, hakipiki pilau. Lori haliingii uchochoro wetu. Amebaki kijana wa mkokoteni na mitungi yake.

Mama akampigia. Inatumika. Akampigia tena. Shangazi naye akapiga kutoka jikoni, binamu kutoka darini, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Haja moja ya maji ikawa simu tatu, na mtaa mzima ulikuwa ukifanya vivyo hivyo. Aliyeanza kupiga alfajiri hakuwa mbele ya yeyote. Alipata aliyebonyeza pale mwenzake alipokata. Hilo ndilo linaloniuma katika foleni ya namna hii: haina mstari, basi aliyesubiri zaidi hana haki zaidi.

Mwaka 1917 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa kanuni ya kukadiria ni simu ngapi zitakosa laini. Kanuni hiyo humchukulia aliyekosa kuwa ameondoka moja kwa moja. Waliomfuata ikawabidi wamhesabu na anayerudi kupiga, kwani hao huijaza laini hata pasipo mteja mpya. Mama mwenye harusi haondoki.

Mjomba akatoka kumtafuta kijana kwa miguu. Akamkuta karibu na Ngomeni, mitungi imejaa, mkokoteni umesimama, simu i sikioni. Kila ilipolia aliutua mkokoteni, akafuta mkono, akajibu, "Niko njiani." Wengi walikuwa wameshaagiza, walitaka kujua amefika wapi tu. Simu zilimchelewesha, na kuchelewa kwake kukazidisha simu.

"Mjomba," akasema, "nikiizima mtasema nimewakimbia."

Mjomba akaichukua ile simu, akawa anatembea kando ya mkokoteni akijibu yeye. Aliandika nyuma ya kadi ya mwaliko jina la kila mtu na mitungi anayotaka, kwa kadiri kijana alivyokumbuka waliotangulia. "Wewe ni wa nne, mama. Usipige tena, yaja." Simu zikapungua, kisha zikanyamaza, na mkokoteni ukaenda bila kutuliwa.

Nyumba yetu ilikuwa ya tatu. Shangazi alimwita Mjomba kutoka dirishani, akamkumbusha harusi ni ya nani, lakini Mjomba hakuisogeza nyumba yetu mbele, nami nampenda zaidi kwa hilo. Pilau liliiva baada ya Alasiri. Majirani wa nyumba mbili zilizotutangulia walikuja kutusaidia kupakua.