Mgeni wa Upepo Mwaloni Kirumba

*Mwalo wa Kirumba, Mwanza, asubuhi. Ni siku za mbalamwezi, kwa hiyo mitumbwi ya dagaa haikuingia ziwani usiku, imepumzika mchangani. Yoti nyeupe yenye mlingoti mrefu imetia nanga karibu na ufuko. Juu ya paa la banda la samaki amesimama Korongo, kipara kikimeremeta, mfuko wa shingo ukining'inia.*

KORONGO: Mwangaluka, mgeni! Unatoka wapi na weupe wote huo?

YOTI: Mwangaluka, mzee. Natoka Entebbe, kwa upepo mtupu. Tumekata ikweta, tumepita visiwa vya Ssese. Tulipofika kwenye ikweta tukasimama, wenye chombo wakafungua mvinyo.

MTUMBWI: Mlisimama katikati ya maji? Mashine iliwazimikia?

YOTI: Mashine ninayo, ndugu yangu, ila hatuiwashi. Raha ya safari ni kusikiliza maji.

MTUMBWI: Anayo na haiwashi! Mzee Korongo, umemsikia? Mashine yangu tajiri kaikopea, na deni halijaisha. Marehemu baba alikwenda kwa tanga la viroba. Siku ya shwari vijana walipiga kasia mpaka viganja vikachubuka. Nilipofungwa mashine, mwalo mzima ulikunywa soda.

YOTI: Lakini kuna kitu mmepoteza. Tanga ni uhuru! Hudaiwi mafuta, hufukuzwi na saa.

MTUMBWI: Baba alikuwa na uhuru huo maisha yake yote. Sikuona mtu akija kumpiga picha.

KORONGO: Hebu tuambie, mpakani mlipitaje?

YOTI: Vizuri sana. Tulipandisha bendera, pasi zikagongwa mihuri, afisa akatutakia safari njema.

MTUMBWI: Mwenzangu alifuata sangara akavuka mstari ule ule, usiku, bila kuuona. Akakamatwa. Nyavu zikabaki huko, mashine ikabaki huko, vijana wakarudi kwa basi.

KORONGO: Kosa lake alivuka akiwa kazini. Angevuka akistarehe, naye angegongewa muhuri.

YOTI: Mzee, hayo ni mambo ya serikali. Mimi ni mtoto wa upepo.

KORONGO: Sawa, mtoto wa upepo. Ziwa hili liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mlango wake pekee ni Nile, nao umejaa maporomoko na mabwawa. Huo upepo ulikupandishaje mlima?

YOTI: (*kwa sauti ndogo*) Nilipakiwa kwenye lori. Kutoka Mombasa.

MTUMBWI: Lori lenye tanga?

KORONGO: Mwache, asione haya. Hata meli ya MV Victoria iliundwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tofauti ni kwamba yenyewe iliposhushwa majini ilianza kubeba watu na ndizi za Bukoba.

YOTI: Siidharau kazi. Ila niseme kweli, niliambiwa nitakuta mji wa miamba, Jiwe la Bismarck, machweo. Nimekuta malori, makuli wanaotukanana, redio tatu kila moja na wimbo wake. Na hii harufu!

KORONGO: Hiyo harufu ndiyo mshahara wa mji. Dagaa wanaokaushwa visiwani hushushwa hapa, wengine wakafika hadi Congo. Sangara anaingia kiwandani: mnofu unakwenda Ulaya, mabondo, vile vibofu vya tumboni, yanakwenda China; mapanki, vichwa na mifupa, yanabaki kwetu. Bosi wako anapokula ule mnofu kwao, sahani hainuki hata kidogo. Tumeshamnusia.

MTUMBWI: Vizuri, mzee, lakini usijifanye mwalimu. Wewe wavu hujawahi kuugusa.

KORONGO: Mimi ni afisa usafi. Nasubiri wenzangu wavue, kisha nachukua changu mwaloni. Mbona maafisa wengine huwaulizi?

YOTI: Na wewe Mtumbwi, ukivua unabaki na nini?

MTUMBWI: Yanatolewa mafuta kwanza. Kisha ushuru. Kisha fungu la tajiri. Kinachobaki vijana wanagawana, kama kimebaki. Mimi huachiwa magamba.

*Fungu la gugumaji, pana kama uwanja wa shule, linasukumwa na upepo mpaka ubavuni mwa Yoti.*

GUGUMAJI: Hodi! Nimesikia kuna mwenzangu hapa.

YOTI: Mwenzako nani?

GUGUMAJI: Wewe, bibie. Asiyedaiwa mafuta, asiyefukuzwa na saa. Kwetu ni Amerika Kusini. Nililetwa Afrika kwa sababu ya uzuri, nipambe madimbwi ya mabwana kwa haya maua yangu ya zambarau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nikaonekana humu ziwani. Jani langu ndilo tanga langu. Upepo ukigeuka, nami nageuka. Pasi sina, nanga sina, na ushuru wa bandari sijalipa hata siku moja.

YOTI: Usinifananishe na magugu! Mimi napita tu.

GUGUMAJI: Nami nilisema hivyo hivyo.

KORONGO: Na sangara je? Aliletwa na Waingereza miaka ya 1950 ili kunogesha uvuvi. Akawala furu, samaki wa asili wa humu, mpaka aina nyingi zikatoweka. Ziwa hili halijawahi kupata mgeni aliyekuja kwa ubaya.

YOTI: Jamani, ananibana! Usukani haugeuki! Washeni mashine!

*Mashine inawaka, inakohoa, inazima. Mizizi imeizonga propela.*

GUGUMAJI: Tulia, mwenzangu. Sikiliza maji.

YOTI: Ndugu Mtumbwi, njoo univute! Tunasukumwa kwenye mawe!

MTUMBWI: Leo mbalamwezi, nimepumzika.

YOTI: Nitalipa!

MTUMBWI: Hapo sasa tunaelewana. Mafuta ya kwenda na kurudi. Fungu la tajiri. Vijana sita na chai yao.

KORONGO: Na tozo ya usafi.

YOTI: Usafi gani? Hujasafisha chochote!

KORONGO: Gugumaji sasa hivi liko kwako. Likitolewa kwako litarudi kwetu. Ukitaka risiti, subiri Jumatatu.

GUGUMAJI: Na mimi fungu langu?

MTUMBWI: Wewe na yeye mlikuja kustarehe. Anayestarehe hagawiwi, analipa.

YOTI: Haya, haya, nalipa yote! Ila wenye chombo wanaomba wakupige picha ukinivuta. Wanasema jua limekaa vizuri na mwamba ule umeonekana nyuma yako.

MTUMBWI: Wapige. Ila picha haimo kwenye hesabu ya tajiri. Hiyo hela mnipe mimi mkononi.