Huruma ya Tajiri wa Milano

Wanamdhulumu Silvio Berlusconi wale wanaomshutumu, kwani tajiri aliyepata kuimba katika meli za watalii, akajenga mitaa, akamiliki televisheni, na mwaka 1986 akainunua AC Milan, alikuwa na haja gani ya uwaziri mkuu, alioushika kwanza mwaka 1994, isipokuwa kuwahurumia Waitaliano? Hata sheria ya hesabu za uongo, iliyolegezwa katika utawala wake mwaka 2002, ilikuwa sadaka kwa wafanyabiashara wote. Na kadhi gani mwingine amewahi kuifupisha bakora kwa ajili ya umma, hali mgongo ulio karibu nayo ni wake? Mwaka 2013 alithibitishiwa kifungo cha miaka minne kwa ulaghai wa kodi, nacho kikaishia kuwahudumia wazee mara moja kwa wiki. Alipofariki Juni 2023, aliagwa kwa taadhima zote za dola.