Mhadhara wa Wazi kwa Vijana wa Mandera Kuhusu Umeme wa Magari ya Mashindano

Wazee wetu, kina mama, vijana, na wewe uliyefuata soda. Mfawidhi amenitambulisha kwa jina tupu, kosa ambalo nimelisamehe. Mimi ni Profesa, Mhandisi, Mshauri wa Kimataifa. Kuna mtu kaninong'oneza mlangoni kwamba Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inakataza mtu kujiita mhandisi kabla hajasajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na kwamba usajili unadai shahada inayotambuliwa na angalau miaka 3 ya kazi chini ya jicho la aliyetangulia. Sheria hiyo naiheshimu. Ilitungwa kwa ajili ya watu wa kawaida.

Nimefika leo kwa ndege, nikiwa nimebanwa baina ya magunia mawili ya miraa, ili niwaeleze juu ya taaluma ya umeme na elektroniki katika mashindano ya magari. Najua Mandera haina mashindano ya magari. Ndiyo maana mmehitaji mtaalamu.

Tuanzie juu. Gari moja la Formula One hubeba sensa zipatazo 300. Moja inapima joto la breki, nyingine shinikizo la mafuta, nyingine mtikisiko wa springi, na habari zote hurushwa hewani hadi kwa wahandisi walio kando ya njia, kisha hadi makao ya timu: Woking kwa McLaren, Brackley kwa Mercedes, Maranello kwa Ferrari. Huko mhandisi anakaa kwenye kiyoyozi, anatazama mstari ukipanda na kushuka kwenye skrini, na kwa hilo analipwa. Kanuni mpya za mwaka 2026 zimeongeza nguvu ya mota ya umeme kutoka kilowati 120 hadi 350, kwa hiyo karibu nusu ya nguvu ya gari inatoka kwenye betri. Kilowati 350, ndani ya gari lisilo hata na mahali pa kuweka gunia! Mwaka 2023, kule Qatar, McLaren walibadilisha magurudumu manne kwa sekunde 1.80. Mzee, naona mkono wako. Maswali baadaye.

Mtaniuliza mtaomba kazi wapi. Mbio za mwisho za Formula One katika Afrika zilikuwa Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Nimekuja kuwatia moyo. Anwani si kazi yangu.

Sasa niseme jambo la kusikitisha. Nikija hapa nilipita sokoni, nikaona kijana amelala chini ya Land Cruiser, waya kauma mdomoni, mkononi ana balbu ndogo iliyofungwa nyaya mbili. Akigusa huku, akigusa kule, anatafuta mahali umeme unapopotea. Hana skrini. Hana kiti. Nilimwona akiunga waya kwa kuubana na koleo, nikamwambia kwa upole wa kisomi: piga solda, kijana. Akanijibu kwamba solda huufanya waya uwe mgumu mahali pa kiungo, na mtetemeko wa barabara ya El Wak ukauvunja kabla dereva hajafika. Nilicheka mpaka miwani ikanidondoka. Ni kweli kwamba timu za mashindano nazo hubana viungo vya waya na kuikwepa solda, kwa sababu hiyohiyo ya mtetemeko. Lakini wao hubana kisayansi. Huyu anabana kwa mazoea tu ya kuona kitu kinachofanya kazi.

Zingatieni tofauti hiyo, itakuja kwenye mtihani.

Tusogee nyumbani. Safari Rally, mbio za magari za hapa kwetu Kenya, ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1965 mshindi wake alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akiwa na nduguye Jaswant, ndani ya Volvo iliyokwisha kutumika na wengine. Alishinda tena 1974 na 1976. Alianza maisha kama fundi wa gereji, doa ambalo wanahistoria wameona haya kulitaja mara nyingi kadiri inavyostahili. Rali hiyo ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na sasa huzunguka Naivasha.

Kuanzia 2022 magari ya daraja la juu katika ubingwa huo yalifungwa mota ya umeme ya kilowati 100, na betri. Hapa naomba utulivu, kwa maana tumefika kwenye uzuri wenyewe. Kifaa hicho kilikuwa kimefungwa rasmi. Hata mafundi wa timu hawakuruhusiwa kukifungua! Kikiharibika, kinarudishwa kwa mwenye kukitengeneza. Gari lilikuwa na taa: ikiwaka kijani, liguse, ikiwaka nyekundu, kaa mbali. Hiyo ndiyo teknolojia, vijana: kitu kisichofunguliwa. Mwaka 2025 kifaa hicho kikaondolewa, kwa sababu ya gharama na usumbufu, na magari yakaendelea kwenda kasi bila hicho. Sijaruhusu habari hiyo iniharibie mhadhara.

Kanuni nyingine ya rali inaudhi. Gari likiwa nje ya kituo cha huduma, dereva na msomaji wa njia ndio peke yao wanaoruhusiwa kulitengeneza, kwa vifaa walivyobeba. Bingwa wa dunia anashuka, anajilaza vumbini, anafunga kwa waya! Nawaomba msiwaambie madereva wa lori na utingo wao wanaotoka Wajir. Watadhani nao ni wanamichezo.

Taa zimezimika. Tulieni, hakuna kutoka. Sauti yangu haihitaji umeme.

Nitumie giza hili kugusia mitambo ya kuzalisha umeme, upande wa pili wa mada yangu, ambao ni mdogo. Mji huu haumo kwenye gridi ya taifa. Umeme wake unatoka kwenye majenereta ya dizeli, na sola kidogo. Sasa hivi kule kituoni kuna mtu, pengine binti wa mtu aliyeketi humu, anayewasha jenereta ya pili ili aiunganishe na ya kwanza. Hawezi kuiunga tu. Lazima volti zilingane, mizunguko ilingane kwenye 50 kwa sekunde, na mawimbi yapande na kushuka kwa pamoja. Akifunga swichi kabla ya wakati, mashine inapigwa kwa nguvu inayoweza kuvunja shafti. Anatazama mshale ukizunguka polepole kwenye saa, anangoja ufike juu, anafunga. Kazi ya nukta chache, ikikosewa mji unalala gizani. Mnaona ilivyo duni. Hakuna hata kamera inayomwonyesha.

Taa zimerudi. Msipige makofi, si mimi.

Mkitaka ukubwa, tazameni Garissa: kituo cha sola cha megawati 50, hekta 85, kilizinduliwa Desemba 2019. Umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa, gridi hiyohiyo ambayo haijafika huku. Au tazameni Ethiopia, ambayo mnaiona kwa macho ng'ambo ya mto Daua. Umeme wake unatoka Wolayta Sodo, volti 500,000, unasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Suswa, karibu na Naivasha. Kwa hiyo jirani yenu anawasha taa kwenye rali ilhali nyinyi mnanunua dizeli. Kitaalamu hii inaitwa mpango.

Haya, mzee, uliza sasa.

Mzee anasema: magurudumu manne kwa sekunde 1.80 ni vizuri, mashallah, ila kisima cha kwao kina pampu ya sola, kile kisanduku cha kuiendesha kikaungua wakati wa ukame, na mifugo ilingoja siku ngapi Mungu anajua hadi alipopatikana mtu wa kukifungua. Anauliza mhandisi wa namna hiyo anasomea wapi.

Mzee wangu, umetoka nje ya mada. Kisanduku hicho hubadili umeme mnyoofu wa paneli kuwa wa mawimbi matatu ili mota ya kisimani izunguke kwa kasi inayofuata jua. Ni kazi ileile inayofanywa na kisanduku cha gari la Formula One kati ya betri na mota, tofauti ni kwamba cha kwenu kinakaa kwenye joto la nyuzi 40 bila mtu wa kukipepea. Ukisoma kimoja umesoma kingine. Kozi za umeme zinafundishwa kwenye chuo cha ufundi cha Mandera na kwenye politekniki ya Garissa. Leseni ya fundi umeme hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati. Lakini mwanao akisomea hayo, atapata kazi hapahapa Mandera, kesho yake, na kila mtu atamjua. Nani atamwita kwenye mhadhara?

Muda umekwisha, ndege yangu haingoji. Posho ya washiriki haikutengwa. Cheti cha kuhudhuria, chenye sahihi yangu na vyeo vyangu vyote vitatu, ni shilingi 500, na malipo yafanywe kwa M-Pesa kabla ya kutoka ukumbini.