Viatu Ninavyo

Mdomo huu utanizika. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, lakini wahenga hawakuwahi kuishi na wangu. Wangu umeponza kichwa, magoti, na mfuko wa nyuma.

Wewe unajua mimi ni kinyozi. Kibanda changu kiko hapahapa Turffontein, Johannesburg, si mbali na uwanja wa mbio za farasi. Viti viwili, kioo kimoja chenye ufa, mashine tatu. Ya tatu hainyoi, inang'oa. Siku moja nimemkalisha jirani yangu Mkongo, mtu wa Bukavu, yule anayevaa suruali ya rangi ya ndizi mbivu hata akienda kutupa taka. Analalamika. Watoto wake wamezaliwa hapa, hawajui msitu, wanajua mall. Kasikia kuna mti una miaka elfu moja. Anataka siku moja tuchukue familia, tukatize porini kwa miguu, tupande kilima, tuuone huo mti, jioni turudi. Ila anaogopa. Hana mtu anayejua mambo ya pori.

Hapo ndipo pa kunyamaza. Kichwa cha mtu nusu kimenyolewa, nusu bado, kazi ipo mkononi. Nikasema, "Papa, mimi ni mtoto wa Kilimanjaro."

Akageuka ghafla. Mashine ikapita pasipopaswa kupitwa. Wala hakujali. "Basi njo weye utatuongoza!"

Sasa nikutobolee siri, usimwambie mtu. Kilimanjaro nimeuona. Nani wa Moshi hajauona? Unafungua mlango wa choo asubuhi, ule pale, unakutazama. Lakini kuupanda? Mita 5,895? Kwetu wanaopanda ni wanaolipwa na wanaolipa. Sisi wengine tunapanda basi. Mara ya mwisho kupanda kitu kirefu ilikuwa ngazi za ghorofa moja kule mjini, lifti imekufa, naenda ya sita. Ya nne niliomba maji kwa watu nisiowajua. Wakanipa na kiti.

Kabla hata sijajitetea, kamati ikaundwa. Unatujua. Siku mbili, grupu la WhatsApp lina watu arobaini na tatu. Watanzania, Wakongo, na Mkenya mmoja anayeuliza bajeti kila baada ya dakika kumi. Tukapata mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mweka hazina msaidizi wa kumlinda mweka hazina. Ungedhani tunaoza binti. Kadi za mchango zikatoka, singo na dabo. Rangi ya fulana ikajadiliwa siku tano. Mtu akapendekeza MC. Wa nini? Wa kumtambulisha mti? Mimi nikaandikwa "Kiongozi wa Msafara", na hakuna hata mmoja aliyeuliza mti wenyewe uko wapi. Nashukuru hawakuuliza. Hata mimi sikuwa najua.

Nikaanza na akili yangu. Jirani na Turffontein kuna kitongoji kinaitwa Forest Hill. Kilima cha msitu. Nikasema, aa, kumbe msitu uko hapo tu, nauli ya nini? Nikaenda kupeleleza. Nikapanda mtaa, nikashuka mtaa. Nyumba. Ukuta. Mbwa. Nyumba. Nikamuuliza bibi mmoja aliyeegemea geti, msitu uko upande gani? Akanitazama kama mtu anayetafuta bahari Dodoma. Halafu akaita wenzake waje wanione.

Majina ya huku ni ya kukutania. Turffontein yenyewe, ile fontein maana yake chemchemi, na bomba langu halijatoa maji tangu Jumanne. Kijana anayenyoa kiti cha pili, msomi kidogo, ndiye aliyenisaidia. Akaniambia broo, kabla ya dhahabu kuonekana mwaka 1886 huku kote palikuwa nyasi tupu. Hii miti yote ya Joburg, mijakaranda ya zambarau na ile mikaratusi ya kuchomekea nguzo migodini, imepandwa na watu. Mti wa zamani kweli ufuate Pretoria, kilomita kama 70, unaitwa Wonderboom. Mti wa ajabu kwa Kiafrikana. Makaburu wa msafara wa Hendrik Potgieter ndio waliouita hivyo, mwaka 1836.

Akanisomea kwenye simu. Nikaacha kunyoa, mteja akabaki na povu. Ni jamii ya mkuyu. Una zaidi ya miaka elfu moja. Shina mama lina kipenyo cha mita 5.5. Ila ajabu yake si unene. Matawi yalirefuka, yakachoka, yakainama mpaka chini, yakagusa udongo, yakatoa mizizi, yakawa miti. Ile miti nayo ikazeeka, ikainamisha matawi, yakaota tena. Sasa kuna mashina kumi na tatu yamemzunguka mama yao kama wajukuu kwenye kikao cha mirathi. Ukiutazama unadhani ni msitu, kumbe ni mtu mmoja na ukoo wake. Nikasema huu mti ni Mchaga. Popote unapoinama unaota mzizi na kufungua duka.

Wenyeji husimulia kwamba chini yake amezikwa chifu, ndiyo maana umenenepa hivyo. Kilima cha juu yake ni cha milima ya Magaliesberg, kuna magofu ya ngome ya mwaka 1897, na njia ya kupandia ni ya mawe, imesimama wima. Na kuna pimbi. Mke wangu aliposikia pimbi akasema vizuri, utakuwa na ndugu zako. Mimi si mrefu. Hilo tuliache.

Viatu sasa. Kamati ikasema kiongozi avae buti za kupandia mlima. Nikaenda mjini, barabarani, nikamwambia muuzaji nataka za mlimani. Akasema hizi hapa, orijino, hata ukikanyagwa na lori. Nyeusi, nzito, zina chuma mbele. Nikalipa. Nyumbani mke wangu akazigeuzageuza, akaniuliza nimepata kazi ya ulinzi kampuni gani.

Jumamosi nikaenda kuzizoesha. Kiatu kipya ni kama mkwe, usisafiri naye kabla hamjazoeana. Nikavaa buti, suruali ya kaki, na kile kizibao cha njano cha kung'aa ambacho katibu alisema kiongozi lazima avae ili aonekane. Nikaanza kuzunguka ukuta wa uwanja wa farasi. Mbio hapo zilianza 1887, mwaka mmoja tu baada ya dhahabu. Watu hata paa hawajaezeka, wameshaweka dau. Raundi ya kwanza, poa. Ya pili, kidole kidogo kikaanza kuniita jina. Nikaegemea nguzo nipumue.

Gari jeupe likapaki mbele yangu. Akashuka mzee mwenye kofia. Akanitazama kuanzia buti, akapanda mpaka kizibao, akanitia randi tano mkononi. "Niangalizie vizuri, rafiki yangu." Akaondoka zake.

Nilitaka kumwambia mimi ni Kiongozi wa Msafara. Kiingereza kikagoma. Sasa unafanyaje? Hela umeshashika. Gari la watu liko pale. Nikaondoka hatua kumi, nikarudi. Likiibwa je? Sura yangu kaiona. Nikasimama. Gari la pili likaja, nikashangaa mkono wangu wenyewe umeinuka, njoo, njoo, kata kushoto, haya simama. La tatu. La nne. Masaa matatu na nusu nimesimama juani nalinda magari ya watu waliokwenda kuangalia farasi wanaotembea vizuri kuliko mimi. Nikafikisha randi ishirini na tatu. Ndipo akatokea kijana mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, mwenye eneo, akaniuliza kwa upole sana nani kaniweka pale. Upole wa aina ile unautambua. Nikamwachia kumi na nane pamoja na samahani. Ile tano ya kwanza ilikuwa ndani ya soksi. Sikuitoa. Niliitolea jasho.

Kamati ikauliza mazoezi yameendaje. Nikaandika, "Mazuri, nimesimama imara."

Bado njia. Nikajipa kazi ya kupima usafiri, Turffontein hadi mjini, mjini hadi Pretoria. Huku daladala wanaita teksi, na husimamishi kwa kupiga kelele, unasimamisha kwa kidole. Kidole juu, unaenda mjini. Kidole chini, unazunguka hapahapa mtaani. Miaka tisa nipo nchi hii, lakini kibanda ni hatua mia mbili kutoka kitandani, nimezoea kutembea. Nikanyoosha kidole chini, kumwonyesha dereva kwamba mimi nipo hapa. Akanibeba. Nikaiona Rosettenville yote. Nikaiona tena. Nikashushwa karibu na kibanda changu, mteja wangu ananipungia.

Mara ya pili, kidole juu. Sawa. Nikaona kiti cha mbele kiko wazi, nikajirusha, bosi. Kumbe kiti kile kina kazi. Anayekaa mbele ndiye konda. Hela zote za abiria zinapitia mabegani mpaka kwako, unahesabu, unarudisha chenji, unamkabidhi dereva. Na mimi hesabu ndiyo ilinitoa shule. Noti zinakuja, sarafu zinakuja, sauti zinakuja. Nikajipa moyo, Kizulu ni ndugu yetu. Kubili ni mbili, kuthathu ni tatu, kune ni nne. Nikajiona nimefika. Bibi mmoja wa nyuma akanyoosha hela, akasema "isithupha" na kuinua kidole gumba. Nikafurahi. Nikamwinulia na mimi changu. Poa, bibi! Akarudia, kidole gumba juu. Na mimi juu. Teksi nzima kimya. Kumbe isithupha ni sita, na neno lilelile ndilo kidole gumba. Ukihesabu kwa vidole, mkono wa kwanza ukiisha, gumba la mkono wa pili ndilo sita. Bibi alikuwa amelipia watu sita. Mimi nimempongeza. Hesabu ikapungua, dereva akapaki, akazima gari, akanitazama tu. Nikajazia kwa hela yangu. Pretoria sikufika. Nauli ya Pretoria ilikuwa imeishia kwa wale watu sita wa bibi.

Na tarehe tuliyoichagua ni 24 Septemba. Siku ya Urithi, sikukuu, hakuna kazi. Hakuna aliyekumbuka kwamba siku hiyo nchi hii nzima inawasha moto na kuchoma nyama. Wiki moja kabla, kamati ikakaa uani kwa Mkongo. Mtu akauliza, kule kwenye mti wanaruhusu jiko? Kimya. Kura zikapigwa. Thelathini na moja, tubaki hapa tuchome nyama, hela ya fulana iongezwe kwenye kuku. Mbili, twende. Mbili zenyewe ni mimi na Mkenya, naye hakutaka mti, alitaka kurudishiwa mchango wake. Nikasimama, nikanuna, nikasema mmeniangusha. Moyoni, we acha tu. Kidole kidogo kilipiga vigelegele ndani ya buti.

Jioni nikampigia mama, kule kwetu Mbokomu, Moshi, nipate wa kunihurumia.

"Mama, wamevunja safari yangu. Tulikuwa twende kuona mti."

"Mti?"

"Mti, mama. Wa zamani sana."

"Unaumwa, baba?"

Nikamweleza yote. Kamati, michango, buti. Akacheka mpaka akakohoa. "Si huku kwetu kila siku wageni wanashuka bondeni na mabegi mgongoni kwenda kuangalia mti wa mkukusu? Hujui?"

Sijui. Kijana wa kiti cha pili akatafuta kwenye simu. Bonde la Mrusungu. Mtafiti wa Kijerumani, Andreas Hemp, aliyefanya kazi miaka mingi pale mlimani, alipima mikukusu ya humo mpaka akafika kwenye mmoja wa mita 81.5. Akautangaza mwaka 2016. Mti mrefu kuliko yote ya asili Afrika nzima. Umri wa wakubwa wao wanakadiria miaka 500 hadi 600.

"Si ndiko ulikokuwa unatorokea shule?" akasema mama. "Ulikuwa unarudi na majani kichwani, unasema umetoka darasani."

Kweli. Nilikuwa na mti wangu kule. Mizizi yake imesimama kama kuta, katikati kuna nafasi ya mtoto mmoja na kitabu asichokisoma. Labda ulikuwa wenyewe. Labda jirani yake. Sitajua kamwe, kwa sababu miaka yote ile nilitazama upande mmoja tu, kule kwenye njia, mwalimu asije. Juu sikuwahi kuangalia.

"Njoo Krismasi," akasema. "Wenzako wote wanakuja. Nitakupeleka mwenyewe, na mgongo huuhuu. Asubuhi tunashuka, chai ya saa kumi tunanywea nyumbani."

Nikasema nitaangalia, mama. Miaka tisa nimekuwa nikiangalia.

"Ila kuna utelezi. Viatu unavyo?"

Nikazitazama zile buti pale mlangoni. Randi tano bado iko ndani ya soksi.

"Ninavyo, mama."

Sikumwambia vya kazi gani.